Povu la kopo kwenye tangi la maji chumvi: maswali yenu

Wiki hii maswali karibu yote ni ya povu la kopo, lile mafundi wa alumini wanalopuliza pembeni mwa fremu za madirisha likavimba na kuziba mwanya. Wafugaji wa samaki wa baharini hulitumia kuunganishia mawe, na wengine hujenga nalo ukuta mzima wa miamba nyuma ya tangi.

Habari fundi. Hili povu la hadweya si litaniulia samaki? (Msomaji, Mombasa)

Likikauka sawasawa, hapana. Linakuwa plastiki tu. Ubaya wake uko kabla ya kukauka, maana ndani ya kopo mna kemikali za isosayaneti, nazo hugeuka plastiki zikikutana na unyevu wa hewani. Juu linashika ngozi upesi, lakini donge nene linaweza kuwa bichi katikati hata kesho yake. Kopo likikuambia saa 24, wewe lipe siku kadhaa, halafu kata donge moja la pembeni uchungulie. Likinata au likinuka, subiri. Likiwa safi, lowesha ukuta wako kwenye pipa, mwaga maji, rudia.

Marekani wengi hununua Great Stuff Pond & Stone, ambalo ni jeusi na limetengenezwa kwa ajili ya mabwawa ya bustani. La kawaida la madirisha nalo limetumika kwenye matangi mengi. Ninalokataa mimi ni lile la kuzuia moto, ambalo mara nyingi huwa na rangi ya waridi au ya machungwa, na lolote lililoandikwa kwamba linaua kuvu. Dawa iliyowekwa kuua kuvu haiwezi kuwa rafiki wa matumbawe.

Shikamoo. Nilijenga ukuta wa povu, nikabandika mawe, nikajaza maji. Asubuhi nimeukuta umeng'oka na unaelea. Nilikosea wapi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Marahaba. Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo twende polepole.

Chukua kipande cha povu cha sentimita 60 kwa 40, unene sentimita 5. Hizo ni lita 12. Povu lenyewe lina uzito wa gramu 300 hivi, basi. Lakini maji ya bahari linayoyasukuma kando ni zaidi ya kilo 12. Maana yake ukuta wako unavutwa juu kwa nguvu ya kilo 12, usiku na mchana, na hauchoki. Utasema mawe yatauzamisha. Sawa, ila jiwe nalo likiingia majini linapungua uzito: kilo moja ya mawe ya chokaa inabaki kama gramu 620. Kuzamisha hizo lita 12 unahitaji mawe karibu kilo 20. Wewe ulibandika mangapi?

Povu ni gundi na kijazio. Usilihesabu kama jiwe. Ukishalikubali hilo, ujenzi unabadilika: mawe mengi, povu kidogo kwenye mianya, na ukuta ushikiliwe na kitu kingine. Jenga juu ya ule wavu mgumu wa plastiki wenye vyumba vya mraba unaofunika taa za dari. Kama tangi lako lina mkanda wa kioo juu, kata ukuta kwa kipimo ili ncha yake ibanwe chini ya mkanda huo, kisha egemeza mawe makubwa chini. Silikoni ya akwariamu iwe msaada juu ya hayo. Kutegemea povu lijishike kwenye kioo peke yake ni kujidanganya. Mwanzo linang'ang'ania, baadaye linabanduka kama gamba.

Na jambo moja watu hulisahau: mawe yaguse sakafu ya tangi kabla hujapuliza, yasimame yenyewe. Povu lije kuyatuliza tu.

Langu limevimba kama maandazi, halifanani na mwamba hata kidogo. (Msomaji, Nairobi)

Umepuliza nyingi mno kwa mkupuo mmoja. Laza wavu chini nje ya tangi, panga mawe makavu, nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya kupulizia, halafu jaza mwanya nusu tu, litavimba lenyewe. Likiwa bado linanata, mwagia mchanga wa matumbawe na vipande vidogo vya mawe, ukandamize kwa kiganja chenye glavu. Muda huo ni mfupi, kwa hiyo mchanga uwe umeshauweka karibu kabla hujagusa kopo. Palipobaki wazi, subiri pakauke, chonga kwa kisu cha mkate, paka silikoni nyembamba, kisha mwagia mchanga tena. Baada ya miezi mwani wa rangi ya zambarau ukitanda, hutajua wapi ni jiwe wapi ni povu.

Mawe nitoe wapi? Bamvua kwetu maji yakitoka yamejaa tele. (Msomaji, Tanga)

Hayo yaache. Ndani ya hifadhi kama Mafia au Kisite-Mpunguti ni marufuku kabisa, na matumbawe magumu yamo kwenye Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayavuki mpaka bila karatasi. Isitoshe, povu linataka jiwe kavu, na jiwe hai ukilikausha umeua kila kilichomo.

Wewe unaishi juu ya hazina. Mawe ya matumbawe ya nchi kavu, yale yaliyojenga nyumba za Lamu na Mji Mkongwe, ni miamba ya kale ya bahari na yana matundu mazuri. Omba kwa anayechimba msingi. Dondoshea siki: likitoa mapovu ni chokaa, linafaa. Ya nyumba iliyobomolewa usiyachukue, huwa na rangi na saruji. Yasugue, yaloweshe, kisha yakae kwenye maji chumvi yanayozunguka hadi kipimo cha amonia kisome sifuri.

Limenigandia mikononi! (Msomaji, Muscat)

Likiwa bichi, asetoni ya kufutia rangi ya kucha inalitoa. Likishakauka halitoki kwa dawa, litachakaa na ngozi baada ya siku kadhaa. Glavu, dada. Na fungua madirisha, zima jiko, maana gesi inayosukuma povu inashika moto. Mwenye pumu asikae karibu.

Naweza kupuliza tangi likiwa na maji na samaki? (Msomaji, Kigali)

Hapana. Toa jiwe, au tumia ile gundi ya udongo ya kukanda vipande viwili, inayoshika hata chini ya maji.

Nafuga kikande. Hatalila? (Msomaji, Malindi)

Hatalila, atalitafuna, na kwako ni hasara ileile. Meno ya kikande na ya pono yanang'oa povu lililo wazi, na vipande vinaelea moja kwa moja hadi kwenye mdomo wa pampu. Kwa samaki hao povu lisionekane popote. Lijifiche nyuma ya mawe yaliyobanana. Ukiacha uwazi kati ya ukuta na kioo, weka humo pampu ndogo ya kusukuma maji. Uchafu ukilala pale bila hewa utaanza kunuka kama yai viza, na mkono wako hautafika kuusafisha.