Je, dripu ni chakula?

SWALI: Baba yangu mdogo alipasuliwa utumbo, akakaa siku 12 bila kula huku akitundikiwa dripu kila siku. Amekonda mno. Kama alikuwa akilishwa kwa mshipa, misuli yake imekwenda wapi? Na kwa nini sasa anapewa chakula kidogo hivyo ilhali ana njaa? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Poleni kwa kuuguza. Dripu ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 tu za sukari kwa lita, nishati isiyofika kalori 200, wala haina protini hata chembe.

Mtu asipokula, akiba ya sukari iliyo katika ini humalizika kwa takriban siku moja. Ubongo hudai zaidi ya gramu 100 za glukosi kila siku, na kwa kuwa sehemu kubwa ya mafuta haiwezi kugeuzwa kuwa glukosi, ini hulazimika kuitengeneza kutokana na protini ya misuli, kiasi cha gramu 75 kwa siku hapo mwanzoni. Njaa ikiendelea kwa wiki kadhaa, ini huyageuza mafuta kuwa ketoni, yaani nishati ambayo ubongo waweza kuitumia badala ya glukosi, ubongo ukazizoea, na upotevu wa protini ukashuka hadi gramu 20 hivi. Hayo yalibainishwa na mtafiti George Cahill na wenzake huko Boston katika miaka ya 1960. Sukari ya dripu huokoa sehemu ya protini hiyo, na msaada huo si wa kupuuzwa. Hata hivyo, kwa aliyepasuliwa, jeraha lenyewe huamsha homoni zinazoendelea kuvunja misuli, na bila kupewa asidi amino, yaani viungo vinavyounda protini, hana cha kuijengea upya.

Kuhusu kumlisha kidogo kidogo, madaktari wenu wanafanya jambo la busara kabisa. Chakula kingi kikiingia kwa ghafla, iwe kwa mdomo au kwa mshipa, insulini, homoni inayoingiza sukari katika seli, hupanda na kusukuma madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu hadi ndani ya seli, na upungufu huo waweza kuvuruga mapigo ya moyo na kudhoofisha misuli ya kupumulia. Ndiyo maana mgonjwa aliyekaa zaidi ya siku 10 bila chakula huanzishiwa kalori zisizozidi 10 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, akitanguliziwa vitamini B1, kisha huongezewa polepole huku damu yake ikipimwa.

Nawasihi msimpenyezee uji wa ziada kwa siri, hata akiwaomba. Mwulizeni daktari kama fosfeti yake imepimwa, na ni lini kiwango cha chakula kitaongezwa.