Kabla ya kuandika sera ya ustawi wa wanafunzi, kakague milango ya vyoo

Sera ya kwanza ya ustawi wa wanafunzi niliyoshiriki kuiandika ilikuwa na kurasa 14. Ilikuwa na dira, dhima, malengo mahususi na jedwali la majukumu. Tuliipitisha katika kikao kimoja, ikapigwa mhuri, ikaingia kwenye faili. Mwaka mmoja baadaye nilimuuliza mwalimu mwenzangu ni kitu gani kimebadilika shuleni kwa sababu ya ile sera. Akafikiri kwa muda, akanijibu, "Kusema kweli, mwalimu, sikioni." Hata mimi sikukiona.

Naandika haya kwa ajili ya mwalimu, mzazi au mjumbe wa kamati ya shule aliyekabidhiwa kazi kama hiyo na hajui aanzie wapi. Kalamu ikae kwanza. Zunguka shule siku nzima, tangu geti linapofunguliwa hadi mwanafunzi wa mwisho anapoondoka. Tazama watoto wanakaa wapi, wanachezea wapi, na ni wapi wanapopakwepa.

Mara ya pili tulifanya hivyo. Karibu na saa sita mchana nilimkuta msichana wa darasa la sita ameketi kivulini, chupa yake ya maji imejaa pomoni.

"Mbona hujanywa maji, mwanangu?"

"Nikinywa nitataka kwenda chooni, mwalimu."

"Na ukienda?"

"Mlango haufungi."

Nikaenda kuangalia. Milango ilikuwa minne. Mmoja tu ndio ulikuwa na komeo, nalo lilining'inia kwa skrubu moja. Wasichana walikuwa wakienda wawili wawili, mmoja anaingia, mwenzake anaushikilia mlango kwa nje. Aliyekosa wa kumsindikiza alibana mkojo hadi afike nyumbani. Wengine walipokuwa kwenye hedhi hawakuja kabisa, nasi tukawaandika watoro. Na katika zile kurasa 14 kulikuwa na sentensi inayosema wanafunzi watahamasishwa kunywa maji ya kutosha!

Makomeo yalifungwa wiki ile ile na mzazi mmoja ambaye ni fundi seremala. Baada ya hapo tuliyahesabu na matundu ya vyoo yenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa shule zenye uwezo mdogo unataka tundu moja kwa kila wasichana 25, na kwa wavulana tundu moja pamoja na sehemu ya kukojolea kwa kila wavulana 50. Sisi tulikuwa mbali sana na hapo. Kujenga kungechukua muda, lakini angalau sasa tulikuwa na hesabu ya kuipeleka kwenye kikao cha bajeti, na hesabu ni ngumu kuipinga kuliko malalamiko.

Watu wengi wakisikia neno ustawi wanawaza chakula na michezo tu. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inaielezea afya kuwa ni ukamilifu wa mwili, akili na maisha ya mtu kati ya wenzake, wala si kutougua tu. Mkataba wa Ottawa wa kukuza afya, wa mwaka 1986, ukaongeza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kazi hii: afya hutengenezwa pale pale watu wanapoishi siku zao, wanapojifunza, wanapofanya kazi na wanapocheza. Kwa mtoto, sehemu kubwa ya siku hiyo ni shule. Ukitaka kipimo cha kulinganishia rasimu yako, mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, walitoa viwango vinane vya shule inayojenga afya, kuanzia sera na uongozi hadi mtaala, mazingira na huduma za afya. Vitumie kuangalia ulichosahau. Usivinakili vikawa ndiyo sera yako.

Sasa, nani akae kwenye kamati? Mara ya kwanza tulikuwa walimu watupu na wazazi wawili wenye sauti kubwa mikutanoni. Mara ya pili tuliwaongeza mpishi, mlinzi, mhudumu wa usafi na muuguzi wa zahanati ya jirani. Mhudumu wa usafi alijua mambo ambayo mkuu wa shule hakuyajua: darasa lipi linatapika baada ya chakula cha mchana, choo kipi kinakosa maji ifikapo saa nne, mtoto yupi hubaki peke yake jioni akingoja kuchukuliwa. Mpe mtu huyo kiti, na umpe nafasi ya kusema kabla walimu hawajaanza kusema.

Watoto nao wasikilizwe, na hapa naomba usifanye haraka. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu. Ukiwaita viranja wawili ofisini, utapata majibu ya viranja. Sisi tuliwapa wanafunzi wa kila darasa karatasi yenye ramani ya shule, bila kuandika jina. Wakaweka alama ya kijani mahali wanapopapenda na nyekundu mahali wanapopaogopa. Tuliwatenga wasichana na wavulana, na aliyesimamia zoezi hakuwa mwalimu wao wa darasa.

Nilizitandaza zile karatasi mezani jioni, nikakaa nazo muda mrefu. Uchochoro ulioko nyuma ya maktaba ulikuwa mwekundu karibu kwenye kila karatasi. Watoto wa madarasa ya chini walikuwa wameukoleza mpaka karatasi ikatoboka. Mimi nilikuwa napita pale kila siku kwa miaka kadhaa na sikuwahi kuona chochote, kwa sababu mwalimu anapopita uonevu husimama. Kutokana na karatasi zile tuliandika sentensi moja: kila mapumziko, mwalimu wa pili wa zamu atasimama kwenye uchochoro wa maktaba tangu kengele ya kutoka hadi kengele ya kuingia, na atasaini daftari la zamu.

Ilinganishe sentensi hiyo na "shule itahakikisha mazingira salama yasiyo na uonevu." Hii ya pili ni nzuri masikioni, lakini haina mtu wa kumuuliza. Kila mstari wa sera yako uonyeshe nani atafanya, lini, na wapi itaonekana kwamba imefanyika. Kama jambo linahitaji fedha, andika zitatoka fungu gani. Mstari usioweza kujibu maswali hayo uondoe, hata kama ameuandika mgeni rasmi. Tulipomaliza kuondoa, sera yetu ilibaki na kurasa mbili, na zikabandikwa ukutani ambako kila mtoto angeweza kuzisoma.

Kuhusu michezo, kubishana kulikuwa kukali. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mwendo wa kuutoa mwili jasho. Rasimu yetu ilisema mwanafunzi asinyimwe mapumziko kama adhabu, na asikimbizwe kuzunguka uwanja kama adhabu. Mwalimu mmoja, mzee wa kazi na mtu ninayemheshimu sana, alisimama akasema, "Mnatunyang'anya fimbo zote, tubaki na nini?" Swali lake lilikuwa la haki. Hatukumjibu kwa nukuu. Tulimwomba aongoze kikundi cha walimu watatu waandike wenyewe hatua za kuchukua mtoto anapokosea: kumweleza kosa faraghani, kumpa kazi ya kurekebisha alichoharibu, kumwita mzazi. Yeye ndiye aliyekuja kuwa mlinzi wa kipengele hicho, maana aliyeandika kanuni hupata uchungu ikivunjwa.

Afya ya akili ndiyo sehemu nitakayoisemea kwa uzito zaidi. Karibu theluthi moja ya matatizo ya akili huanza kabla mtu hajafika miaka 14, na karibu nusu kabla hajafika miaka 18, yaani wengi wangali darasani. Shule nyingi huandika kwamba kutakuwa na huduma ya unasihi, zikaishia hapo. Sisi tulikuwa na mnasihi mwema na mwenye mafunzo, lakini chumba chake kilipakana na ofisi ya mkuu wa shule. Kuingia kwake kulikuwa kama kutangaza shida yako kwenye paredi. Muhula mzima walikwenda watoto wachache mno. Tulipomhamishia chumba kilicho jirani na maktaba, ambako mtoto anaweza kuingia kana kwamba anafuata kitabu, wakaanza kuja mmoja mmoja.

Andika pia mipaka ya siri. Usimwahidi mtoto kwamba hakuna atakayeambiwa lolote, kwa sababu siku atakapokueleza kuwa anaumizwa nyumbani au anataka kujidhuru, utalazimika kumpeleka kwa wanaoweza kumsaidia. Mwambie hivyo mapema, kwa lugha anayoielewa. Sera itaje mtoto huyo atapelekwa wapi, kwa nani, na nani atamfuatilia akirudi darasani. Mwalimu si daktari, na asibebeshwe mzigo wa daktari.

Kuna jambo tuliloliacha, na ningeianza kazi leo nisingeliacha: kazi za nyumbani na usingizi. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 9 hadi 12 kwa watoto wa miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Kila mwalimu alikuwa anatoa kazi yake bila kujua mwenzake ametoa nini, na mtoto mmoja anazibeba zote usiku mmoja. Walimu wa darasa moja wakikaa pamoja nusu saa kwa wiki, hilo linarekebishika.

Kisha pangeni siku ya kuirudia sera kabla hamjaitia saini. Marekani, kwa mfano, sheria ya mwaka 2004 ilizitaka shule zilizo katika mpango wa taifa wa chakula cha shule ziwe na sera ya ustawi, na kanuni za mwaka 2016 zikadai itathminiwe angalau mara moja kila miaka mitatu na umma uelezwe matokeo. Kutangaza matokeo nakuunga mkono kabisa. Miaka mitatu naiona mingi, kwani mtoto aliyeogopa uchochoro akiwa darasa la tano atakuwa amekwisha kuondoka. Sisi tunairudia kila muhula, kwa siku moja, kwa kuzunguka vilevile kama tulivyoanza.

Katika mzunguko wa mwisho nilikuta komeo moja limeng'oka. Nilipofungua daftari la matengenezo ili niliandike, nikakuta limeshaandikwa siku iliyotangulia, kwa mwandiko wa mtoto, na mbele yake fundi ameweka tarehe ya kuja.