Kwa Anayeanza Kuchapa Picha za Wadudu na Mimea

Wengi wanaoanza kujifunza kuchapa picha kwa kibao kilichochongwa na kupakwa wino hapa Kigoma huwa na haraka ya kuchonga sokwe wa Gombe, na matokeo yake ni sokwe anayeelea katikati ya karatasi tupu, hana mti wala tunda. Nashauri uanze na mdudu wa uani, tena pamoja na mmea anaoula. Ndivyo alivyofanya mchoraji wa wadudu na mimea, Maria Sibylla Merian, aliyezaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1647, akafuga viwavi tangu ujana wake, na mwaka 1699 akasafiri na binti yake hadi Suriname kuwachunguza wadudu wa huko. Kitabu alichokitoa Amsterdam mwaka 1705 kina picha 60 zilizochapwa kwa mabamba ya shaba, na katika nyingi kati ya hizo kiwavi, kipepeo na mmea wao wamo katika ukurasa mmoja.

Kwa somo hili mlimau unatosha. Kagua majani machanga, utamwona kiwavi mdogo mweusi mwenye baka jeupe, ambaye ungedhani ni kinyesi cha ndege. Akikua huwa wa kijani, na akiguswa hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zenye harufu kali. Mchore kila anapobadilika, hadi ajifunge kijitini kwa uzi mwembamba na hatimaye atoke akiwa kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano. Kabla ya hapo usishike patasi. Uchore pia ukingo wa jani uliotafunwa, kwani ndio unaoeleza mdudu amefuata nini pale.

Ukifika kwenye kibao, kumbuka kwamba kila kitu kitageuka karatasini, kulia kuwe kushoto kama kwenye kioo. Kwa jani si neno, lakini kwa konokono ni kosa la wazi: magamba mengi yanayookotwa ufukweni mwa ziwa huwa na mlango, yaani tundu anamotokea konokono, upande wa kulia yakishikwa ncha juu, na ukiyachonga kama ulivyoyaona, karatasi itaonyesha mlango kushoto. Chora kwanza kwenye karatasi nyembamba, uigeuze, ndipo unakili kibaoni. Merian, kwa baadhi ya nakala zake, alikandamiza karatasi nyingine juu ya chapa mbichi, akapata mistari hafifu iliyorudi katika uelekeo wa bamba, kisha ikapakwa rangi kwa mkono. Kwa wino mzito wa kibao njia hiyo huchafua, nami siihimizi kwa anayeanza.

Mishipa ya jani ichongwe kuanzia katikati kwenda ukingoni, kwa kuwa patasi ikiinuliwa taratibu mchirizi hupungua unene, kama unavyopungua mshipa wenyewe.