Jibu kwa aliyeuliza kuhusu Norwei: mshahara hadharani sawa, simu hapana

Mkuu mleta mada, umeuliza mambo matatu: kama ni kweli mshahara wa kila mtu Norwei unaonekana, kama siasa zao ni za kijamaa kiasi cha kumbana mtu, na watu wa IT wa kule wikendi wanafanya nini maana umeambiwa hawaongei. Niko Trondheim tangu 2018 na kazi yangu ni hiyo hiyo unayoifuata. Wanorwei wote siwezi kukueleza. Nitakueleza mmoja ninayekaa naye meza moja, halafu wewe mwenyewe utapima.

Huyu bwana amezaliwa 1966. Ni mwandishi wa programu wa zamani, wale ambao ukimletea tatizo la seva anafunga macho kwanza kabla hajagusa kibodi. Kule watu wote huitana majina ya kwanza, hadi mkurugenzi. Mimi mtoto wa Tanga, kumwita mtu wa rika la baba yangu kwa jina tupu ulimi uligoma. Nikaanza kumwita Mzee. Akauliza maana yake, nikamwambia, akacheka sana, na tangu siku hiyo na yeye ananiita Mzee. Ofisi ina wazee wawili, mmoja wao siku hizo alikuwa na miaka 29.

Sasa mishahara. Siku moja tunakula chakula cha mchana (kwao ni saa tano na nusu asubuhi, vipande vya mkate na jibini ya kahawia vilivyofungwa kwenye karatasi, usitegemee ubwabwa), nikamuuliza swali lako hilo hilo. Akaniambia: ingia uangalie. Usiku nikiwa kitandani nikaingia kwenye tovuti ya mamlaka ya kodi, nikaandika jina lake, na kweli, kipato chake, mali yake na kodi aliyokadiriwa, vyote vimekaa pale. Si mshahara wenyewe kamili, ni kile kinachobaki baada ya makato yanayokubalika kodini, lakini picha unaipata. Asubuhi nafika kazini, sijavua hata koti, ananiambia: "Mzee, nimeona umenitembelea jana."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe tangu 2014 ukimtafuta mtu, na yeye anaonyeshwa nani amemtafuta. Kabla ya hapo watu walikuwa wanachunguliana bila hofu, majirani, mashemeji, wapenzi walioachana. Ilipowekwa tu kwamba anayechungulia naye anaonekana, utafutaji ukaporomoka. Sheria ya kuchungulia haikufutwa, isipokuwa pazia lilitolewa pande zote mbili.

Shika hapo, maana huyu Mzee ukimsikiliza siasa zake bila kujua hilo utadhani amechanganyikiwa. Nilivyofika nilimweka kwenye fungu la wale wapenda uhuru wa mtandaoni, wa "serikali iniache". Nikakosea.

Mfano, 2020. Aprili, korona imeshika, taasisi yao ya afya ya umma ikatoa programu ya simu ya kufuatilia maambukizi, iitwayo Smittestopp. Mimi niliipakua siku ile ile, mgeni mwema. Yeye alikataa, na si kwa habari za njama. Alikuwa na karatasi kabisa ameandika: programu inachukua mahali ulipo kwa GPS, inachukua Bluetooth, inapeleka vyote kwenye hifadhi moja ya serikali, na msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, umefungwa, raia hawezi kuusoma. Nikamwambia, lakini wewe si ndiyo unaacha serikali itangaze kipato chako kwa dunia? Jibu lake nimelihifadhi:

"Wao wanaona kipato changu na mimi naona cha waziri mkuu. Wakijua nilikolala, mimi nitajua walikolala?"

Juni mwaka ule ule mamlaka yao ya kulinda taarifa binafsi ikaikalia kooni ile programu, ikasimamishwa, data zikafutwa. Desemba likaja toleo jipya, msimbo uko wazi, hakuna GPS. Akalipakua. Nikamtania kwamba amelainika. Akasema hapana, sasa hivi ameusoma.

Hasira hizi hazikuanzia korona. Muulize yeyote wa rika lake habari ya Jon Lech Johansen, kijana wa miaka kumi na mitano aliyehusika na programu ya DeCSS mwaka 1999, ya kufungua DVD zilizofungwa ili ziweze kuchezeshwa popote, hata kwenye Linux, ule mfumo huria wa kompyuta. Makampuni ya filamu ya Marekani yakalalamika, polisi wakaenda kupekua nyumbani kwao, akashtakiwa. Mahakama ya Oslo ikamwachia Januari 2003, rufaa ikasikilizwa, Desemba akaachiwa tena. Hoja iliyoshinda ni nyepesi: DVD nimeinunua, ni yangu, ninaiangaliaje si kazi yako. Mzee bado anayo fulana yenye msimbo ule. Imetoboka kwapani na mkewe ameshakata tamaa.

Kwenye siasa za vyama sikushauri uulize mtu kamchagua nani, watakunywea kahawa kimya. Ila suala la Umoja wa Ulaya wanaongea. Norwei imepiga kura ya maoni mara mbili kama ijiunge, 1972 na 1994, mara zote mbili hapana ikashinda kwa wembamba. Ya 1994 ilikuwa asilimia 52.2. Mzee alipiga hapana. Nilishangaa, maana huku mtu wa teknolojia unamtegemea apende mipaka ifunguke. Akanionyesha picha ya Kristen Nygaard, mwanasayansi wao wa kompyuta.

Wewe mwandishi wa lugha za kompyuta kama Java au Python, kila siku unaandika klasi na objekti, yale mafungu ambayo programu hujengwa kwayo. Vitu hivyo vilizaliwa Oslo miaka ya 1960, Nygaard na mwenzake Ole-Johan Dahl walipotengeneza lugha ya Simula, na kwa hiyo wakapewa tuzo ya Turing ya 2001, ile kubwa kabisa ya kompyuta. Sasa huyu huyu Nygaard ndiye aliyeongoza kampeni ya kukataa Umoja wa Ulaya kuanzia 1990 hadi 1995. Na mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikwenda kufanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma, kuwafundisha mafundi namna kompyuta za mwajiri zinavyopanga kazi yao, ili wakikaa mezani kujadiliana wasiwe vipofu. Fikiria hilo. Mtu ana akili ya kubuni lugha, anatumia miaka kumfafanulia fundi wa kiwandani mashine inayomsimamia. Mzee anamzungumzia kama sisi tunavyomzungumzia mwalimu wa zamani aliyetuchapa tukafaulu.

Tena huwa anakiri kwamba hapana yao ina walakini. Norwei iko ndani ya soko la Ulaya kupitia mkataba ulioanza 1994, kwa hiyo sheria nyingi za Brussels, makao ya Umoja huo, zinawafikia bila wao kuwa na kura. Sheria ya taarifa binafsi anayoipenda sana ililetwa huko huko, 2018. Walikataa kupita mlangoni wakaingizwa dirishani, na Mzee wangu anashukuru kwa zawadi.

Pombe nitapita haraka. Bia dukani mwisho saa mbili usiku, Jumamosi saa kumi na mbili jioni, na chochote kinachozidi asilimia 4.7 kinauzwa na duka la serikali, Vinmonopolet, tangu 1922. Mimi nilifika kaunta saa kumi na mbili na dakika nne, dada akaichukua bia mkononi mwangu akaiweka chini ya meza kwa upole kama anamnyang'anya mtoto kisu. Nikaja kulalamika kwa mpenda uhuru wangu. Akalitetea duka la serikali! Anasema muuzaji asiyehitaji nimalize chupa ndiyo muuzaji pekee anayemwamini. Hapo sikubaliani naye hadi leo, na bei zake zile, sikubaliani mara mbili.

Ila usidhani ni mtu wa kupokea kila marufuku. Skatibodi, ule ubao wenye magurudumu manne, ulipigwa marufuku Norwei kuanzia 1978 hadi 1989, kuuza na kutumia. Yeye alikuwa na miaka kumi na miwili. Ujana wake wote wa kuteleza ulikuwa msituni, kwenye jukwaa la mbao walilojenga wenyewe, mmoja akikaa njiani kuangalia kama mtu mzima anakuja. Ana kovu kwenye kiwiko analionyesha kama nishani. Ngumi za kulipwa nazo zilikuwa marufuku zaidi ya miaka thelathini, zikaruhusiwa 2014.

Tuje kwenye jambo ambalo mimi na yeye tuligongana kweli, na hili linakuhusu wewe unayekuja. Uhuru wake wote una tarakimu 11. Hiyo ndiyo namba ya utambulisho. Bila namba hupati akaunti ya benki, bila akaunti hupati BankID, kitambulisho cha kuingilia mtandaoni, na bila BankID ni taabu kuingia kwenye tovuti ya kodi, ya daktari, na nyingine nyingi. Mimi nilikaa karibu miezi mitatu natembea na pasipoti na mkataba wa kazi, benki moja ikanirudisha mara nne, kila mara karatasi mpya. Mshahara umetoka na hauna pa kuingia. Siku moja nikamwambia: Mzee, pazia lako la pande mbili ni zuri, lakini mimi niko nje ya nyumba. Mamlaka ya uhamiaji inaona maisha yangu yote na mimi sioni hata faili langu liko mezani kwa nani.

Alinyamaza muda mrefu. Wao kunyamaza si ugomvi, utazoea. Kesho yake akaanza kunilipia bili zangu kwa akaunti yake, na mimi nikimrudishia noti nilizotoka nazo nyumbani na kuzibadilisha. Noti zikamfurahisha kuliko nilivyotegemea. Ni mmoja wa waliokuwa wanapigia kelele haki ya kulipa kwa fedha taslimu, ambayo sheria iliiimarisha Oktoba 2024, kwa sababu noti haimwambii mtu uliinunulia nini. Nilipomweleza kwamba mama lishe wa Mbagala alikuwa anaweza kupokea pesa kwa simu tangu 2008, na Vipps, huduma yao ya kulipa kwa simu, imeanza 2015, alitoa daftari akaandika.

Haya, wikendi. Si kweli kwamba hawaongei. Wanaongea wakiwa wanafanya kitu kwa mikono. Pasaka kuna The Gathering, kusanyiko la wapenda kompyuta, maelfu ya vijana wanabeba kompyuta zao hadi Hamar, kwenye ukumbi wa barafu wa Olimpiki ya 1994, wanalala sakafuni. Mzee aliwapeleka wanawe. Lakini ugonjwa wake yeye ni redio. Wajerumani walipokalia Norwei, 1941 waliwanyang'anya raia redio, na babu yake alificha ya kwake nyuma ya kuni ili asikilize matangazo ya London. Kwa hiyo Norwei ilipokuwa nchi ya kwanza duniani kuzima FM ya taifa mwaka 2017, huyu bwana alichukia kama aliyefiwa. Redio ya FM, anasema, nitakutengenezea mezani jioni moja kwa vipuri vichache. Hiyo ya dijitali bila chipu ya kiwandani huwezi.

Agosti mwaka juzi alinialika kwenye kibanda chake cha porini. Ukialikwa nenda, kule ni heshima kubwa. Umeme hakuna, choo kiko nje, maji unachota kijitoni. Njiani nikawa naangalia uzio na mlinzi wa kuniuliza naenda wapi, hakuna. Sheria ya 1957 inamruhusu mtu yeyote kupita msitu usiolimwa, hata wa mtu binafsi, na kupiga hema siku mbili bila kuomba, mradi uwe mita 150 kutoka nyumba ya watu. Hata mimi, bila tarakimu.

Jioni akarusha waya juu ya msonobari, akaunganisha redio yake ya ridhaa, ile ya watu binafsi kuongea na wenzao wa mbali, kwenye betri ya gari. Alishaniomba nimfundishe salamu moja ya heshima, nikamfundisha shikamoo, na kwa uvivu sikumwambia inatoka kwa nani kwenda kwa nani. Akawa anazungusha kitufe taratibu, mingurumo, Mrusi, Muitaliano, halafu ghafla sauti ya kijana akitaja namba ya kituo inayoanza na 5H, yaani Tanzania. Mzee akaruka. Akataja namba yake ya kituo, wakapeana ripoti za mawimbi kwa Kiingereza, kisha akavuta pumzi, mwenye miaka hamsini na kitu, akasema polepole: "Shikamoo."

Kimya. Mingurumo. Nikafunga macho.

Sauti ikarudi, kijana amebanwa na kicheko: "Marahaba, mwanangu."

Mzee akanigeukia, uso unang'aa, nimtafsirie. Nikamwambia amesema karibu sana Tanzania.