Sindano isiyo na dawa kwa bega la fundi cherehani

Ukishinda umeinamia cherehani tangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi, bega linakaza hadi maumivu yanapanda nyuma ya sikio. Nilichuliwa kwa mafuta ya nazi, nikameza vidonge vya maumivu vya diklofenaki mpaka tumbo likalalamika. Mwisho nikaenda kwa mtu wa fiziotherapia, tiba ya misuli na viungo, akasema atanichoma sindano kavu.

"Ya dawa gani?" Haina dawa. Ni sindano nyembamba isiyo na tundu, ileile ya akupancha, tiba ya Wachina ya kuchoma sindano, ila hapa inatafuta fundo lililokaza ndani ya msuli. Alilipapasa, akalibana kwa vidole viwili, akachoma. Kuchomwa si kitu. Sindano ilipofika kwenye fundo, msuli uliruka wenyewe kama samaki kwenye ndoana, nikapiga yowe. Kumbe ndicho alichokuwa akikitafuta.

Sikuwa nimekunywa hata chai siku ile. Jasho jembamba likanitoka, macho yakaingia giza, nikaja kujikuta nimelazwa miguu juu. Kula kwanza, na omba uchomwe ukiwa umelala, si umekaa.

Kesho yake bega liliuma kama niliyebeba gunia, siku ya pili likatulia. Hilo, na damu kuvilia kidogo, ni kawaida. Kifua kubana au pumzi kukata baada ya kuchomwa shingo, bega au mgongo wa juu si kawaida. Chini ya misuli ile kuna pafu. Sindano ikizama mno, hewa huvuja na pafu kusinyaa. Hutokea mara chache, na dalili zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Kimbia hospitali, uwaambie ulichomwa wapi.

Kwa hiyo kabla hujavua shati, sema yote: mimba, warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kidonda au uvimbe mahali panapouma. Muulize alijifunzia wapi kazi hiyo. Akinuna, vaa shati lako uondoke. Pakiti ya sindano ifunguliwe mbele ya macho yako.

Mimi nilipata wiki moja ya kugeuza shingo bila kuguna, kisha maumivu yakarudi, maana mazoezi niliyopewa niliyaacha palepale mlangoni. Safari ya pili nimeyafanya, na meza ya cherehani nimeipandisha kwa vipande vya mbao.