Umefunga, au umegoma kula?

Mimi si daktari. Nauza dagaa soko la Mwaloni, hapa Kirumba, Mwanza, na ninayoyaandika nimeyapata kwa mwili wangu, mengine kwa kumsumbua shemeji yangu ambaye ni tabibu.

Mwaka jana suruali zilianza kunibana, nikaamua kufunga. Wakati huo nilikuwa mtu wa chai na chapati asubuhi, maandazi saa 4, ugali na sato saa 7, soda saa 10, na wali usiku. Nikaapa kutoka hapo moja kwa moja hadi saa 24 bila kitu. Ilipofika saa 8 mchana, jua linachoma, nikiwa nashusha gunia kutoka kwenye boti ya visiwani, mikono ikaanza kutetemeka. Nikakaa chini, gunia likapasuka, dagaa wakamwagika kwenye tope. Mzee wa kizimba cha jirani, ambaye kila Ramadhani hubeba magunia yale yale akiwa na swaumu, akanitazama weee, kisha akauliza: "Kijana, umefunga, au umegoma kula?"

Jioni nikafungulia wali sahani nzima na soda mbili. Nilikesha moyo ukienda mbio.

Shemeji alinieleza hivi. Ukila, sukari hupanda kwenye damu, kongosho linamwaga homoni ya insulini, na sukari inaingizwa kwenye seli. Nyingine huwekwa akiba kwenye ini na misuli, inaitwa glikojeni, na inayozidi hugeuzwa mafuta. Mimi Msukuma nikaelewa kwa njia yangu: glikojeni ya ini ni hela ya kibindoni, gramu 100 hivi tu. Mafuta ni ng'ombe zizini. (Misuli ina akiba kubwa kuliko ini, lakini ni michoyo, haimrudishii mtu sukari kwenye damu.) Sasa insulini ikiwa juu, lango la zizi limefungwa. Mtu anayetafuna kila baada ya saa tatu ana zizi limejaa, na bado analia njaa.

Usipokula, insulini inashuka, homoni ya glukagoni inapanda, ini linaachia sukari yake. Kati ya saa 12 na 24 hivi, kutegemea ulichokula na kazi unayofanya, kibindo kinakaribia kukauka. Hapo ndipo mafuta yanatumika kwa wingi, na ini linageuza sehemu yake kuwa ketoni, nishati ambayo ubongo unaweza kuitumia, kwa sababu ubongo hautumii mafuta yenyewe. Ila sukari kidogo bado inatakiwa, na ini huitengeneza, nyingine kutokana na protini ya misuli. Ndiyo maana sishabikii mifungo ya siku tatu nne ninayoiona mitandaoni. Utachinja mpaka maksai wa kulimia.

Safari ya pili nilianza kwa kuacha maandazi tu. Wiki mbili, sikubadilisha kingine. Njaa ya saa 4 ilinishangaza: ilikuja kwa ratiba kama kivuko cha Kamanga, ikakaa, ikaondoka bila kupewa kitu. Kumbe homoni ya njaa hupanda saa zile ulizouzoesha mwili kula. Baada ya hapo nikaondoa soda, kisha nikasogeza chakula cha usiku hadi saa 1. Sasa nakula tena saa 5 asubuhi, na magunia nabeba.

Maji kunywa, usisubiri kiu. Insulini ikishuka figo hutoa chumvi na maji zaidi, na kuumwa kichwa siku za mwanzo mara nyingi kunatokana na hilo, au na chai uliyoiacha ghafla. Mimi nafungulia supu ya sato yenye chumvi, ugali unafuata taratibu.

Kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari, usijaribu kabla ya kumwona daktari. Dawa nyingine huendelea kushusha sukari hata kama hujala, na mtu anaweza kufa. Mjamzito, anayenyonyesha na aliyekonda tayari, hii si yenu.

Mama wa maandazi amenuna. Kila saa 4 anapita na beseni lake akiniita "mfungaji bora". Wiki iliyopita nilinunua mawili, nikayaweka mpaka saa 5, nikala na supu.