Stimupanki: Dragon Con au Lincoln?

Ndugu, umesema una nauli ya safari moja tu, vazi lako la stimupanki (mtindo wa kubuni unaochanganya enzi za mashine za mvuke na sayansi ya kubuni) liko tayari, na hujui uende tamasha la Dragon Con la Atlanta, Marekani, au tamasha la The Asylum la Lincoln, Uingereza. Kwa vazi hilo, mimi ningekwenda Lincoln bila kusita.

Dragon Con, iliyoanza 1987, ni bahari: fantasia, hadithi za kutisha, sayansi ya kubuni, vyote kwa pamoja, na wewe utakuwa tone. Ni tamu kwa mwenye kupenda kila kitu. The Asylum, tangu 2009, ni ya stimupanki yenyewe, na watu wanajaa karibu na ngome ya zamani wakiwa na kofia ndefu na miwani ya shaba.

Usikose pambano la chai. Wawili wanaketi, kila mmoja anachovya biskuti kwenye kikombe, wanaitoa, kisha wanatazamana. Wa mwisho kula yake ikiwa nzima ndiye mshindi. Ikimegeka na kudondoka, umekwisha. Watu wazima wenye suti za kizamani wanatokwa jasho kwa biskuti, wallahi!

Tarehe nazo zinabanana: Lincoln huwa wikiendi ya sikukuu ya umma ya mwisho wa Agosti, Atlanta wiki moja baadaye. Tafuta malazi mapema. Na hiyo bunduki yako ya bandia, soma kwanza masharti ya ndege.